Toyota Tatu za Mwaka Mmoja

Bute, 12 Januari 2025

Kwako mjomba wangu, Abti Kerrow,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naanza na mama, maana najua ukiifungua barua hii utatafuta kwanza jina la dada yako. Mama hajambo. Goti la kushoto linamsumbua akisujudu, siku hizi anaswali kwenye kiti, lakini ulimi haujapata ugonjwa wowote. Anamshukuru shangazi Ramlo kwa majani ya chai. Mume wangu Bishar yuko na ngamia upande wa mpakani, kwa kuwa mvua ya mwisho wa mwaka ilitudanganya. Mimi niko darasani na watoto arobaini na saba wa darasa la tano, ambao kila nikisema "papai" wao huandika "babai".

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ulisikia msiba wa wifi yangu Osob. Alifariki mwezi wa kumi juu ya lori la mbuzi, akiwa na uchungu wa kuzaa, kabla hajaliona lango la hospitali. Na mimi miaka miwili iliyopita nilimpoteza mtoto wangu kwenye barabara hiyo hiyo. Hilo unalijua, sitalirudia.

Baada ya kumzika Osob wanawake walisema basi. Tukaitisha qaaraan, mchango wa ukoo mzima. Kila nyumba ilitoa mnyama au ilichonacho, na jamaa walio mbali wakatuma chao. Kimepatikana cha kununua gari moja la kupeleka akina mama hospitalini, gari lililotumika, si jipya. Kamati ya watu tisa imeundwa, nami ni katibu kwa sababu ninaandika haraka. Wamekubaliana iwe Toyota, kwa kuwa vipuri vyake viko kila mji, na iwe ya mwaka 2018, isiwe ya nyuma ya hapo. Kadar mwenye duka ndiye aliyeshikilia mwaka. Kwake gari ni kama ngamia, waliozaliwa mvua moja wana nguvu moja.

Walipouliza nani atachagua, nilikutaja wewe. Kadar alikuwa na dalali wake Nairobi. Nikasimama nikasema kaka wa mama yangu ametengeneza malori miaka arobaini pale Garissa, na akikosea, lawama iwe yangu. Kwa hiyo Abti, jina langu liko mfukoni mwako.

Kamati imeweka sharti moja. Ripoti zako ziwe za barua, zisomwe mbele ya watu. Wanasema simu haina ushahidi, na kweli mtandao wetu nao una siku zake. Nitakuwa nasoma huku natafsiri kwa Kisomali. Ukiwa na neno langu peke yangu, liweke kwenye karatasi ya pili.

Mpwa wako anayekutegemea,
Amran


Garissa, 5 Februari 2025

Karatasi ya kusomwa.

Kwa kamati ya Bute, wake kwa waume, amani iwe juu yenu. Hapa kwetu joto ni kali na watu ni wazima. Nawashukuru kwa kunipa amana hii. Nilidhani mtu akishaacha kulala chini ya malori hakuna anayemkumbuka.

Nimeangalia gari mbili, zote Toyota, zote za 2018, zote nyeupe.

Ya kwanza ni Probox, imeshuka Mombasa juzi kutoka Japani. Mita inasoma kilomita elfu themanini na tano. Injini ni safi hata unaona haya kuigusa, na mafuta inaonja tu. Kwa lami ya kwenda Nairobi ningewaambia ichukueni leo. Lakini tumbo lake liko karibu na ardhi, na mawe ya njia zenu yatalipasua kabla ya mwaka kuisha. Mvua ikijaza laga, ile mito mikavu ya kwenu, itabaki ng'ambo ikiangalia maji.

Ya pili ni Hilux, pikapu ya milango minne. Iko kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa ambaye zamani alikuwa akiuza ng'ombe. Imesimama juu, inavuta kwa magurudumu yote manne, na mita yake inasoma elfu sitini na mbili tu. Kwa macho, ndiyo inayoshinda. Sijamaliza kuikagua.

Niongeze neno. Mwaka wao ni mmoja, lakini hawakulelewa boma moja. Ninyi mkinunua ngamia hamuulizi umri pekee. Mnauliza amenywea kisima gani na amechungwa na nani. Nami nataka kuuliza hivyo hivyo.

Kerrow, fundi

Karatasi ya pili.

Amran, hii ni yako. Ramlo anakusalimu, jicho lake limepata dawa na sasa anaona vumbi ambalo mimi sioni. Mwambie dada yangu Khadijo aache kubishana na goti. Wewe usijali kwamba umenibebesha mzigo. Siku barua yako ilipofika niliisoma mara tatu, kisha nikaenda kunyoa.

Mjomba wako


Bute, 24 Februari 2025

Abti wangu,

Asalaam aleikum. Mama anasema goti limekusikia na limekataa. Bishar alikuja siku nne, akarudi kwa ngamia akiwa na unga na sukari. Ramadhani iko mlangoni, Mungu atufikishe salama sote.

Barua yako nimeisoma mbele ya kamati. Maneno ya ngamia na kisima yaliwaingia wazee wakatikisa vichwa. Lakini Kadar alisikia neno pikapu tu. "Pikapu ndiyo gari! Inabeba sukari, inabeba maji, inabeba mama." Nikamuuliza, sukari ikipanda kwanza, mama atakaa wapi? Wanawake walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Pamoja na hayo wengi wanaitaka Hilux, kwa ajili ya zile kilomita chache. Wanangoja umalize kuikagua.

Sasa yangu mimi, ambayo sikuwasomea. Kwenye kiti cha nyuma, mtu anaweza kulala ubavu? Inarusha sana kwenye mawe? Mlango uko chini kiasi gani, kwa mtu asiyeweza kuinua mguu juu? Kuna mahali pa kushika? Na tafadhali, gari liwe hapa kabla ya Agosti. Sababu ipo, lakini mama amenikataza kuiandika.

Amran


Garissa, 19 Machi 2025

Mpwa wangu Amran,

Waaleikum salaam, na Ramadhani njema kwenu nyote. Sisi tunafunga kwa raha. Mwaka huu tende zimekuja za aina nyingi. Kuna nyeusi za kulainika mdomoni, kuna nyekundu ngumu kidogo ambazo Ramlo anazipenda, na kuna zile ndogo za njano zinazouzwa karibu na msikiti, ambazo mimi ningekula mpaka nisahau maji. Nimewatumia kifurushi kwa mkono wa kondakta wa basi. Nyeusi ni za Khadijo, ameze taratibu. Za njano ni zako.

Upepo umekuwa mwingi. Jirani yetu amejenga ukuta. Mbuzi wa Ramlo amezaa mapacha.

Habari ya gari, bado naangalia. Wasalimu kamati.

Kerrow


Bute, 20 Aprili 2025

Abti,

Asalaam aleikum. Idi tuliisherehekea vizuri, tende zilifika, za njano sikumgawia mtu. Mvua imenyesha, alhamdulillah, Bishar anasema malisho yameinuka na maziwa yamerudi. Mama anakusalimu.

Umeniandikia aina tatu za tende na mstari mmoja wa gari. Mimi ni mwalimu, Abti. Mwanafunzi akiandika ukurasa mzima juu ya kisichoulizwa, najua swali limemshinda.

Wiki iliyopita Kadar alileta habari kwenye kikao. Dereva mmoja wa lori amekuona Garissa ukiendesha Hilux nyeupe, umepakia mapipa ya maji. Kadar aliuliza mbele ya watu wote, "Hiyo gari yetu inazunguka Garissa na nani?" Niliyesimama kukutaja ni mimi, kwa hiyo niliyeinamisha kichwa ni mimi.

Mwezi huu Ebla, yule binti wa visimani, alingoja lori siku nzima akiwa na uchungu. Akajifungua kando ya barabara, shangazi zake wamemzungushia shuka. Yeye na mtoto ni wazima, alhamdulillah, lakini hatuwezi kutegemea bahati kila mara. Na mimi nahesabu miezi.

Sikuandikii kwa hasira. Hakuna ubaya utakaoniambia utakaofuta uliyonifanyia. Lakini niambie. Nimechoka kuinama.

Amran


Garissa, 8 Mei 2025

Mpwa wangu Amran,

Salamu za amani kwako, kwa dada yangu, na kwa kila aliyechanga hata kibuyu cha maziwa. Sisi ni wazima. Mto umepanda lakini mwaka huu haujatufikia.

Leo hakuna karatasi ya pili. Ni hii tu, nawe uisome mbele ya kamati neno kwa neno. Nakujua, usiruke mstari.

Ile Hilux nilirudi kuimalizia siku chache kabla ya Ramadhani. Niliangalia injini, oili, springi, nikaingia chini na tochi. Kila kitu kilikuwa kimeoshwa na kupakwa rangi, nikajisemea, mwenye gari hili ni mtu msafi. Kabla sijamaliza akatokea mnunuzi mwingine. Yule mfanyabiashara akatupa shuka lake juu ya mkono, akanishika kiganja, kama tufanyavyo soko la mifugo. Mnaijua desturi. Bei haisemwi kwa mdomo, inabanwa kwa vidole chini ya shuka ili aliyesimama kando asijue. Akabana. Nikabana. Akalegeza kidogo. Nimenunua mifugo hivyo tangu sijaota ndevu, na mkono wangu ulijibu kabla ya kichwa. Akanipiga kiganja, na biashara ikawa imekwisha.

Ngamia kabla hujamtolea mkono ameshatembezwa, ameshafunguliwa mdomo, ameshakamuliwa. Mimi nilitoa mkono kwa gari ambalo sijalifungua mdomo.

Nilipokaa kwenye usukani nilivuta mkanda wa kiti nijifunge. Mkanda huvutwa nusu tu, ile nusu ya ndani haioni jua. Nikauvuta mpaka mwisho. Mwisho wake ulikuwa na matope makavu ya kijivu. Niliyafahamu pale pale, kwa sababu mwaka jana mto ulipoingia mtaani kwetu niliyakwangua ukutani wiki mbili. Gari lile lilikuwa limezama. Gari la namna hiyo laweza kwenda mwezi, laweza kwenda mwaka, huku nyaya zake zikioza ndani. Kisha siku moja linazima njiani. Siwezi kumlaza mama mwenye uchungu humo.

Mchango wenu haujaguswa. Mkono niliutoa mimi, si Bute. Nilimpa yule mtu ngamia wangu watatu ili kushikilia biashara, na nilikuwa nimeanza kutafuta mtu wa kununua gereji yangu ili nimalizie. Ramlo ameacha kuzungumza nami, ila kuliita gari lile Kambare, kwa kuwa limetoka mtoni. Nalitumia kuchota maji, maana hata hasara lazima ifanye kazi.

Mtauliza, kwa nini sikumpeleka yule muuzaji kwa wazee? Kasoro ilifichwa, na dini inaniruhusu kurudisha. Sikwenda kwa sababu ningelazimika kusema mbele ya soko zima kwamba Kerrow, fundi wa miaka arobaini, ameuziwa gari bila kuvuta mkanda. Niliona aibu. Nikajificha nyuma ya tende.

Amran aliweka jina lake juu yangu nami nikaliacha juani. Namuomba msamaha mbele yenu. Mkiamua kumtuma dalali wa Kadar, mna haki, na sitanuna.

Kerrow


Bute, 25 Mei 2025

Abti wangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi ni wazima, na mama ametoa machozi na matusi kwa wakati mmoja, kwa hiyo unajua yuko salama.

Nimeisoma. Sikuruka mstari. Nilipofika pale pa kuomba msamaha mwenyekiti akaniletea maji. Nilipomaliza, nikakunja karatasi. Nikajiambia, sasa Kadar atasimama.

Akasimama kweli. Nakuandikia kama alivyosema: "Mimi niseme ukweli, wallahi. Dalali yangu angeleta hiyo gari hapa, na sisi tungebiga figelegele. Huyu mzee ameona matope, amekula hasara yeye, halafu ameandika na mkono yake. Sasa Bute yote imejua. Aibu imeisha, hakuna ingine ya kuficha. Kwa nini haendi kwa wazee achukue ngamia yake?"

Abti, walimpigia makofi. Kamati imeamua uendelee, na imeamua pia uende kwa wazee, kwa sababu kama alivyosema Kadar, huna tena cha kuogopa. Tangu siku hiyo Kadar anavuta mkanda wa kila gari linalosimama dukani kwake. Madereva wameanza kushusha mizigo upande wa pili wa barabara.

Hayo ni ya kamati. Yangu ni haya. Nilikukasirikia. Miezi miwili mizima nilidhani umenidharau, kumbe ulikuwa ukiuza gereji ili nisiaibike. Usiiuze! Gereji hiyo ndiyo iliyonisomesha. Nikiwa bwenini barua zako zilikuwa na alama za vidole vya grisi pembeni, na wasichana wengine walikuwa wakizicheka. Mimi nilikuwa nikiziweka chini ya mto nikalala. Kiswahili hiki ninachofundisha leo nilianza kukipenda kwenye barua zile. Sijawahi kukuambia asante kwa maandishi, nikidhani unajua. Leo naandika. Asante, Abti. Asante kwa shule, asante kwa kuja mwenyewe na lori kunichukua nilipougua, asante kwa matope uliyoyaona.

Na mama ameniruhusu kuandika lile jambo. Ni mwisho wa Agosti, inshallah. Naogopa barabara ile, Abti. Siwezi kumwambia mtu mwingine.

Amran


Garissa, 6 Julai 2025

Karatasi ya kusomwa.

Kwa kamati ya Bute, na kwa Kadar hasa, amani iwe juu yenu. Idi ilikuwa njema, mapacha wa mbuzi wamenenepa.

Wazee walikaa vikao viwili. Yule mfanyabiashara aliapa hakujua, kwamba naye aliuziwa. Huenda ni kweli. Wazee wakasema mkono uliotolewa haufuniki kilichofichwa. Amerudishiwa Kambare wake, nami ngamia wangu watatu wamerudi, mmoja mnene kuliko alivyoondoka. Soko zima lilisikia, na hakuna aliyenicheka zaidi ya siku mbili.

Sasa nawaletea gari la tatu. Shirika moja lililokuwa likihudumia kambi ya wakimbizi ya Dagahaley limepunguza kazi, fedha hazitoki tena kule zilikotoka. Magari yake yaliuzwa kwa mnada pale Dadaab. Nilikwenda siku nne kabla ya mnada. Ni Land Cruiser, nyeupe, ya 2018 kama mlivyotaka. Ina milango ya nyuma, machela, na kiti kirefu cha pembeni chenye mikanda. Mita inasoma kilomita laki mbili na elfu kumi na nane.

Najua mmeguna. Ngojeni. Probox ilizaliwa mwaka huo huo, ikakua kwenye lami laini, haijui jiwe. Hilux ilizaliwa mwaka huo huo, ikaonekana kijana, na ndani ilikuwa imeoza. Hii imekula vumbi miaka saba, na katika miaka hiyo haikukosa mlo hata mmoja. Nimeona daftari lake. Kila oili iliyomwagwa imeandikwa, kila springi iliyobadilishwa ina tarehe. Nilivuta mikanda yote sita mpaka mwisho. Ni safi.

Na nimemuona aliyeichunga. Anaitwa Salah, mtu wa hapa Garissa, ameiendesha tangu siku ya kwanza akipeleka wajawazito wa kambini hospitali. Sasa hana kazi. Nilimkuta akiosha gari ambalo si lake tena. Akaniambia, "Mzee, hii gari mimi najua yeye kuliko bibi yangu. Akikohoa, najua amekunywa mafuta mbaya." Watoto kumi na mmoja wamezaliwa ndani yake kabla ya kufika, na hakuna aliyepotea. Nilipomuuliza anataka nini, alisema anataka tu ailete Bute mwenyewe, ajue imefika mikono gani.

Mwenyekiti alinipa ruhusa kwa simu, na Kadar akawa shahidi kwa sauti yake kubwa, kwa hiyo msiseme simu haina ushahidi. Siku ya mnada nilifunga mikono nyuma ya mgongo na kutaja bei kwa mdomo. Gari ni lenu.

Kerrow, fundi

Karatasi ya pili.

Amran, uliniuliza mwezi wa pili kama mtu anaweza kulala ubavu. Nilichelewa kujibu, sasa najibu. Anaweza. Nimejaribu mwenyewe. Nilifunga mto wa kulalia tumboni kwa shuka, nikalala ubavu kwenye machela, nikamwambia Salah aendeshe kutoka Dagahaley hadi Dadaab bila kunionea huruma. Alicheka mpaka akasimamisha gari. Inarusha, sitakudanganya, lakini ukishika lile bomba la juu kwa mkono wa kulia haikubingirishi. Ngazi ya nyuma ilikuwa juu sana kwa mtu mwenye tumbo. Nimeichomelea kidato kimoja zaidi kwenye gereji yangu, ambayo sijaiuza.

Asante zako nimezipokea. Nimezisoma mbele ya Ramlo, naye sasa anazungumza nami. Lakini jua hili. Ungenikasirikia na kuacha kuandika, mimi ningemaliza maisha yangu nikichota maji na Kambare. Kwa hiyo anayeshukuru ni mimi.

Usiogope barabara. Salah ataondoka kesho alfajiri.

Mjomba wako


Bute, 3 Septemba 2025

Abti wangu Kerrow,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mama hajambo, goti hajambo, Bishar yuko nyumbani tangu wiki jana na hataki kurudi kwa ngamia. Salah tumemfanya dereva wa kamati. Bute nzima imemkubali, isipokuwa Kadar, aliyetaka kupakia magunia mawili tu ya sukari akaambiwa gari hili halibebi kisichopumua. Tangu Julai limepeleka akina mama tisa, na wote tisa wamerudi na watoto.

Wa kumi nilikuwa mimi.

Uchungu ulinianza asubuhi ya tarehe 27, nikiwa ubaoni. Niliwaambia darasa la tano waendelee na zoezi la pili. Dakika kumi baadaye Salah alikuwa mlangoni. Nilifika hospitali nikiwa na muda wa kutosha, na binti yako alizaliwa kabla ya adhuhuri, mzima, mwenye sauti ya Khadijo. Tumemwita Hani. Ninapoandika amelala juu ya mkono wangu wa kushoto, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Nimewashukuru wote waliotoa mbuzi na waliotoa kikombe. Kwako nimekosa neno kubwa la kutosha, kwa hiyo nakuandikia tu lililotokea.

Nilipanda ngazi kwa kile kidato chako. Kiti kirefu cha pembeni, Salah tayari kwenye usukani, mama akinisukuma kwa nyuma, wanawake wote wa mtaa wakiniombea. Nikaushika mkanda. Badala ya kujifunga, nikauvuta. Nikauvuta wote, mpaka ulipogoma, nikageuza ile nusu isiyoona jua nikaiangalia. Mama akapiga kelele, "Wewe! Unazaa au unanunua gari?"

Ulikuwa safi, Abti. Nikafunga, tukaenda.

Amran